Mhuri wa Ndege Wawili

Kabla jua halijachomoza vizuri juu ya mlima, Thea Haugen alikuwa ameshaiba. Tena alimwibia mwanamume anayempenda, na kitu alichoiba kilikuwa kimewekwa pale kwa ajili yake yeye mwenyewe.

Ukitaka kujua chanzo, chanzo ni udadisi. Jumapili iliyopita Corwin Pruitt alimpa mafumbo matatu, ameyaandika kwa penseli nyuma ya kadi ya duka la vyakula vya mifugo.

"Nitakufichia visanduku vitatu kule magofuni Tolliver," alimwambia. "Mlinzi ameniruhusu. Lakini usiende bila mimi. Jumamosi mchana, nikishamaliza kuwapigilia viatu farasi wa akina Dufresne, tunaanza pamoja. Niahidi, Thea."

"Nimeahidi, bwana. Mbona unanikazia macho hivyo?"

"Kwa sababu nakujua."

Na kweli alimjua. Thea alikuwa mwanamke wa ahadi katika kila jambo, isipokuwa mbele ya fumbo. Katika wasaka visanduku wote wa bonde lile, watu wa mchezo wa kufichiana visanduku na kuvitafuta kwa mafumbo, hapakuwa na wa kumshinda. Ijumaa jioni, mikono imezama kwenye unga wa pai, fumbo la mwisho likamfungukia lenyewe:

*Kilitafuna milima, dhahabu kikaitema,*
*Gurudumu lake chini, la moyo nimelisema.*

Ni nini hicho kama si kinu cha kusagia mawe? Tolliver ilikuwa na kimoja tu, kule juu mwisho wa mji, kimeachwa na watu wa dhahabu siku walipofungasha wakahama wote, wakaacha na sahani mezani. Thea akalala usingizi wa mang'amung'amu. Alfajiri akajiambia, naenda kutazama tu. Nitatazama, nitarudisha, mchana nitajifanya sijui. Lo, kutazama tu! Wangapi wameponzwa na kutazama tu?

Akakipata chini ya gurudumu kubwa la chuma, nyuma ya jiwe bapa. Lilikuwa kopo la kahawa la bluu, limefungwa kwa kitambaa. Akachuchumaa, akafanya kama wafanyavyo wasaka visanduku wote. Akatoa mhuri wake mkobani, akauweka juu ya jiwe. Akatoa mhuri uliokuwa ndani ya kopo, akauweka kando yake. Sheria yao ni moja na ya siku zote: mhuri wa kisanduku unaupiga kwenye kitabu chako, mhuri wako unaupiga kwenye kijitabu cha kisanduku, kisha kila kitu unakirudisha kilipokuwa. Hakuna anayeondoka na kitu.

Mhuri wa Corwin ulikuwa na viatu viwili vya farasi vilivyoshikana, na chini yake herufi. Herufi za mhuri huchongwa kinyume, lakini jicho la Thea lilishazoea kusoma kinyume. *Thea, nikuoe?*

Furaha ikampanda mpaka kooni. Kwa kitambo kidogo alicheka peke yake, mkono mdomoni, machozi yamemlengalenga. Halafu macho yakashuka kwenye mhuri wa pili pale juu ya jiwe, ule wake. Ndege wawili kwenye tawi moja. Huo aliuchonga Leif, mumewe, majira ya baridi ya kwanza ya ndoa yao, kabla lori lake la magogo halijateleza kwenye barafu likaenda naye bondeni. Furaha yote ikamkatikia kifuani.

Akamkumbuka Mama Borghild, mama yake Leif, ambaye hakuwa na mtoto mwingine. Siku ya mazishi Thea alimshika mikono akamwambia, "Mama, sitakuacha." Tangu siku hiyo wanaishi wawili, wanaoka pai wawili, wanagombana juu ya chumvi wawili. Na majira ya baridi yaliyopita, Corwin alipomsindikiza Thea mpaka mlangoni kwa mara ya kwanza, bibi yule alisema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Huyo mpiga kwato mwambie pai zetu zinauzwa kwa kila mtu. Mkwe wangu hauzwi."

Mara huko chini geti likalia. Gari la mlinzi linaingia. Thea akakurupuka. Akavirudisha vitu ndani ya kopo mbiombio, kimoja akakitia mkobani, akafunga. Angekirudisha kisanduku chini ya gurudumu, mambo yangekwisha. Lakini wazo baya lilimjia kwa sauti tamu: kisipoonekana, hakuna swali lililoulizwa. Asiyeulizwa hajakataa. Asiyejibu hajamsaliti mtu, si Leif, si Mama. Akakimbia mpaka kwenye tanuri la mvuke lililolala upande wa pili wa kinu, akalisukumiza kopo ndani kabisa, kwenye kutu na majivu ya zamani.

Kisha akashuka mtoni, akakaa garini mpaka mchana. Hakula kitu.

* * *

"Umefika mapema!" Corwin aliruka kutoka kwenye pikapu yake, kofia mkononi, shati safi lakini buti zile zile za zizini. "Nilidhani pai zitakuchelewesha."

"Leo Mama kasimamia mwenyewe."

"Mama yangu mzuri huyo. Hajambo?"

"Hajambo. Amehamisha vifungo vyake vyote kwenye chupa ya achari, sijui kwa nini. Siku hizi simwelewi."

Corwin akainamisha uso haraka, akajifanya anatafuta funguo. "Wazee bwana," akasema. Thea hakugundua kitu. Mwenye hatia husikia la kwake tu.

Wakaingia mjini. Upepo ulipita kwenye mbao za nyumba zilizopinda, majani ya njano yanaviringika barabarani mahali ambapo zamani watu walipigana visu kwa ajili ya vumbi la dhahabu. Corwin alimshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu, kina makovu ya misumari, na Thea alikipenda kiganja kile kuliko vyote. Leo kilimuunguza.

"Haya, bibie. Fumbo la kwanza. Lisome kwa sauti, nikusikie."

Thea akasoma:

*Aliingia na ndevu, na dhahabu mfukoni,*
*Akatoka hana kitu, nitafute ngazi, chini.*

"Kwa kinyozi," akasema.

"Ebo! Hata hujavuta pumzi! Ungenidanganya kidogo basi, ukajikuna kichwa, nami nijisikie nimetunga."

"Nimejikuna moyoni."

Corwin akacheka. Kicheko chake kilikuwa kipana, cha mtu ambaye hana anachoficha isipokuwa zawadi. Wakapiga magoti chini ya ngazi ya kinyozi, Thea akakitoa kisanduku. Mhuri wa ndani ulikuwa pai inayofuka moshi.

"Siku ya kwanza," Corwin akasema taratibu. "Uliniuzia ya matunda ya porini, imeungua upande mmoja. Nikala yote."

"Sikukuuzia. Nilikupa bure kwa sababu imeungua."

"Ndiyo maana nikarudi kesho yake. Haya, piga na wako."

Thea akaingiza mkono mkobani. Vidole vikagusa mpira wa mhuri, na mara hiyo hiyo vikajua. Ukingo ulikuwa mgeni. Mhuri wake wa ndege ulikuwa na ncha iliyolika upande wa tawi, na huu haukulika popote, ulikuwa mpya. Ulikuwa mhuri wa viatu vya farasi. Zile mbio za asubuhi! Alikuwa ameuacha mhuri wake ndani ya kopo, akaondoka na wa Corwin. Ni kosa la wanaoanza, kosa wanalochekwa nalo mwaka mzima, na yeye bingwa wa bonde ndiye aliyelifanya. Ndege wa Leif walikuwa wamelala tanurini kwenye majivu, na yeye ndiye aliyewatupa huko.

"Vipi?" Corwin akauliza.

"Nimeusahau nyumbani."

"Wewe?"

"Mimi."

"Thea, wewe uliwahi kusahau viatu ukaja na ndala kwenye theluji, lakini mhuri huo..." Kitu kama tumaini kikampita usoni, na Thea alikiona, na alijua maana yake. Corwin alidhani ameuacha kwa makusudi. Alidhani leo amekuja peke yake, bila Leif. Uongo mmoja ulikuwa umemzalia mwanamume yule furaha ambayo haikuwa yake.

"Si neno," Corwin akasema, sauti imelainika. "Aliyesahau mhuri anatia dole gumba. Lete hapa." Akalichovya dole gumba la Thea kwenye wino yeye mwenyewe, akaligandamiza kwenye kijitabu. "Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kwa kazi hii kinatosha. Tazama lilivyo zuri."

"Ni alama ya kidole tu, Corwin."

"Ni yako."

Thea akageuka kando akijifanya anafuta wino. Laiti angesema pale pale! Udongo uwahi ungali maji, walisema waliotutangulia, na udongo wake ulikuwa bado unafinyangika. Lakini mdomo haukufunguka.

Wakapanda kuelekea shuleni. Njiani Corwin aliokota msumari wa zamani wenye kutu, akauzungusha vidoleni, akaurudisha pale pale.

"Unajua Orrin ana droo nzima ya misumari?" Orrin ndiye mlinzi wa hifadhi. "Watu wanaiba, wanafika kwao, mara mke kaumwa, mara gari limeungua. Wanairudisha kwa posta, mbio mbio. Ukitoka na kitu cha Tolliver, mkosi unakufuata mpaka chumbani."

"Unaamini hayo?"

"Siamini. Lakini msumari sichukui." Akamkonyeza. "Wewe je, mfukoni mna nini?"

"Mna nini vipi?"

"Ha! Nakutania, mama wee. Mbona umepauka hivyo?"

"Jua," Thea akasema. Jua lenyewe lilikuwa nyuma ya wingu.

Shuleni wakakikuta cha pili nyuma ya jiko la chuma, pale fumbo liliposema kengele ilinyamaza na wana wote wakahama. Mhuri wake ulikuwa birika la kahawa lenye uso wa mwanamke, nyusi zimekunjwa, mdomo umebinuka. Thea akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Umemchonga Mama!"

"Nimemchonga vizuri, si kweli? Hiyo nyusi ya kushoto imenilia jioni mbili."

"Akiiona atakuua."

"Ameiona." Corwin akauma mdomo, kana kwamba neno limemponyoka. "Namaanisha, ameniona ninavyomtazama. Thea, mimi sitaki kukuiba kwa Mama Haugen. Nataka ulijue hilo kabla hatujapanda huko juu. Sikuja kubomoa nyumba ya mtu."

"Usiseme hivyo."

"Kwa nini nisiseme?"

"Wewe ni mtu mwema mno, Corwin. Unanitia aibu."

"Aibu ya nini tena? Lete dole gumba."

Akalitoa. Kicheko kilikuwa kimeshamkauka. Alitamani achukie, afoke, amwone ana kosa lolote lile dogo ambalo lingepunguza uzito wa la kwake. Hakupata hata moja. Kila hatua ya kupanda kinuni, mhuri ule ulimgonga pajani ndani ya mkoba.

* * *

Corwin alimwacha asome fumbo la mwisho, kisha akasimama pembeni na kuvua kofia. Aliizungusha vidoleni bila kukoma, mwanamume anayeshika miguu ya farasi wakali bila wasiwasi.

"Chini ya gurudumu," Thea akasema, na sauti yake ikawa ndogo sana.

"Nenda. Kitoe."

"Kitoe wewe."

"Thea! Mtafutaji ni wewe."

"Tafadhali."

Corwin akatabasamu, akadhani ni haya ya kike. Akapiga magoti. Akaondoa jiwe bapa. Akaingiza mkono mpaka begani, akautoa mtupu. Akaondoa jiwe la pili na la tatu. Akalala kifudifudi kwenye vumbi na shati lake safi, akachungulia, akafukua kwa vidole kama mtu anayefukua aliyefukiwa hai. Tabasamu likamwisha kidogo kidogo.

"Kilikuwa hapa. Juzi nilikiweka hapa hapa." Akageukia upande mwingine wa gurudumu. "Kilikuwa hapa, Thea, wallahi nakuapia."

"Corwin..."

"Subiri." Alikuwa amejikata kidole, damu inachuruzika, hana habari. "Hapana, hapana, hapana. Si leo. Cha kwanza wangechukua, cha pili wangechukua, si hiki. Humu mlikuwa na kitu cha mtu! Nitamwambia nini?"

"Cha nani?"

Hakumsikia. Akasimama ghafla, uso umemwiva. "Orrin. Ni Orrin peke yake niliyemwonyesha mahali. Mzee mzima, namwita rafiki! Nakwenda kumvua nguo mbele ya wageni wake wote."

Akaanza kushuka kwa hatua ndefu. Thea akamwona Orrin huko chini getini, mzee wa watu, anawapungia mkono watoto wa wageni, hajui kinachomjia. Akaona uongo wake unavyotembea kwa miguu ya Corwin kwenda kumvunjia heshima mtu asiye na kosa. Hapo ndipo mdomo ulipofunguka.

"Corwin, simama! Si Orrin. Ni mimi."

Akasimama. Hakugeuka mara moja.

Thea akafungua mkoba, akautoa mhuri, akaushika kiganjani. Corwin akageuka, akautazama, akamtazama Thea, akautazama tena.

"Tangu lini?"

"Asubuhi. Nilikuja kabla yako. Nikausoma, nikaogopa, nikakificha kwingine. Wangu nimeuacha ndani kwa haraka."

"Kwa hiyo kwa kinyozi ulikuwa nao."

"Nilikuwa nao."

"Na shuleni. Nilipokuwa nakuchekesha na Mama."

"Ndiyo."

"Nami nabwabwaja kama zuzu." Akakaa juu ya jiwe, kofia baina ya magoti. "Unajua nini, Thea? Ungesema hapana. Ningekwenda nyumbani, ningelia, ningekunywa kahawa yangu. Hapana haiui mtu. Lakini umeniacha nitambae kwenye vumbi, umesimama unanitazama."

"Sikutaka kusema hapana."

"Basi ungesema ndiyo!"

"Sikuweza kusema ndiyo! Nitasemaje ndiyo na yule bibi nimemwapia kaburini sitamwacha? Nitoke nyumbani kwake nikiwa na pete yako, yeye abaki na birika? Kila nikicheka na wewe nikirudi nyumbani nafuta uso mlangoni, Corwin, asije akaona nimefurahi. Nafuta uso! Na Leif... Leif hajanikosea kitu. Kosa lake ni kufa tu." Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Nisamehe. Nimekutenda vibaya na huna kosa."

Corwin alikung'uta vumbi kwenye kofia yake. Alipoinua uso hasira ilikuwa imeondoka, na kilichobaki kilimuumiza Thea zaidi.

"Kopo uliliangalia?"

"Niliangalia nini? Kopo la kahawa."

"La bluu. Lina mbonyeo ubavuni."

Kuna kitu kilianza kumsogelea Thea taratibu kutoka mbali. Chupa ya achari dirishani. Vifungo.

"Nilikwenda kumwona Jumanne, ukiwa sokoni," Corwin akasema. "Nikabisha hodi, nimevua kofia. Akaniambia, 'Kijana, mimi sikupendi.' Nikasema, najua, Mama. Akasema, 'Unanuka farasi.' Nikasema, na hilo nalijua. Nikamweleza nilichokuja nacho, nikamwonyesha mihuri, na ule wa birika nikamwonyesha. Akanyamaza mpaka kahawa ikapoa. Kisha akapanda juu ya kiti, miguu yake ile, nikataka kumshika akanipiga kofi mkononi. Akashusha kopo. Akamwaga vifungo vya mashati ya Leif mezani, vyote, akanipa kopo tupu. 'Cha mwisho kitie humu,' akasema. 'Thea anavijua vitu vyangu. Akiliona atajua nimesema nini.'"

Thea akaweka mikono kichwani. "Nimeliona," akasema. "Nimelishika, Corwin. Sikujua."

"Akasema na neno moja zaidi. 'Ndege wake usimnyang'anye. Na Jumapili mje mle, wote wawili, uoge kwanza.'"

Thea akalia kwa sauti sasa, akalia kama mtoto, amekaa chini kwenye vumbi. Siku zote alimfanya Mama Borghild ukuta wa kujifichia, na kumbe yule mzee, kwa miguu yake mibovu, alishapanda kiti akauvunja ukuta mwenyewe. Na neno lake la ndiyo, neno lililomgharimu kuliko mtu yeyote, Thea alilisukumia tanurini.

"Nionyeshe ulipolitia," Corwin akasema.

Akamwonyesha. Corwin akajiingiza nusu mwili kwenye tanuri, akatoka na kopo, amejaa masizi. Akalifuta kwa mkono wa shati. Akafungua, akautoa mhuri wa ndege, akaupuliza majivu, akausugua taratibu kwa kidole gumba mpaka tawi likaonekana. Akamkabidhi.

"Hawa sijawahi kuwaonea wivu," akasema. "Wangekuwa wangu ningewatunza hivyo hivyo."

Kisha akauchukua wake kutoka mkononi mwa Thea, akautia ndani ya kopo, akafunga. Akalirudisha chini ya gurudumu, akapanga mawe yote matatu kama yalivyokuwa.

"Corwin, nasema sasa hivi. Jibu langu ni..."

"Usiniambie." Aliinua kiganja. "Umelia, umejuta, unaniomba radhi. Mtu akiwa hivyo atakubali hata kununua farasi kipofu. Radhi yako nimeikubali, na bado nina uchungu, nisikufiche. Lakini ndiyo ya mtu anayelipa kosa siitaki. Kisanduku kipo mahali pake. Ukitaka kukitafuta, kitafute. Usipotaka, shuka, nitakusindikiza mpaka kwenye gari lako, na mbele ya watu sitasema kitu."

Akavaa kofia, akashuka. Hakugeuka nyuma.

* * *

Thea alikaa peke yake mpaka upepo ukamkausha uso. Katika magofu yale hakuna aliyemwona, na hakuna aliyemngoja amkubalie au amkatalie. Hatia ilikuwa bado ipo, imekaa kifuani, haijatoka. Lakini alipoisogeza kando kidogo ili atazame kilichokuwa chini yake, akakikuta kile kicheko cha alfajiri, kile alichokiziba kwa mkono. Kilikuwa kingali hai.

Akapiga magoti. Akaondoa mawe, akalitoa kopo, akalitazama kwa mara ya kwanza. Lilikuwa na mbonyeo ubavuni. Ni yeye aliyelibonda, mwaka wa kwanza wa ndoa, alipoliangusha kwenye jiko, na Mama Borghild akamfokea wiki nzima. Akalikumbatia.

"Mama," akasema. "Nisamehe."

Akaweka mihuri miwili juu ya jiwe, kama alivyofanya asubuhi. Akautia wino ule wa viatu vya farasi, akaupiga kwenye kitabu chake, ukurasa mzima, akagandamiza kwa uzito wa mwili wote. Swali likatoka limenyooka, herufi zote zinasomeka. Kisha akafungua kijitabu cha kopo, kilichokuwa kitupu, kikingoja alama ya mmoja tu.

Akauchukua mhuri wa ndege. Akautazama sana.

"Leif," akasema, "wewe na ndege wako mnakwenda popote niendapo. Lakini hili si la kwenu."

Akaurudisha mkobani, mahali pake, akafunga kifungo. Akalichovya dole gumba kwenye wino. Akalitia.

Kisha akarudisha kila kitu kilipokuwa, jiwe juu ya jiwe, bila haraka, maana sheria ni sheria.

Corwin alikuwa ameegemea pikapu, anafunga kidole chake chenye jeraha kwa kitambaa, anashindwa kwa mkono mmoja. Alipomsikia Thea akiteremka hakuinua kichwa. Thea akamfikia, akakichukua kile kitambaa, akamfunga fundo bila kusema. Wino wa dole gumba lake ulikuwa haujakauka, ukamwachia Corwin alama nyuma ya mkono, mviringo mzima, mistari yote inaonekana.

Corwin akaitazama alama ile. Akaitazama tena.

"Thea," akasema.

"Na mimi bado nina hatia, nisikufiche," Thea akamwambia. "Itachukua muda. Mama amesema Jumapili tufike saa ngapi?"